Paipu Mbili za Inchi Nne

Jumatatu saa moja asubuhi dere na makanga wake waliingia karakana ya Baba wakiwa wamebeba sanduku tulilowatengenezea wiki iliyotangulia. Walilitua juu ya meza ya randa, katikati ya majeneza mawili yaliyokuwa yakingoja vanishi, kisha dere akajifuta jasho kwa mkono wa shati.

"Mzee, hii kitu inakohoa."

"Inafanya nini?" Baba akauliza.

"Inakohoa! Abiria wananicheka. Mmoja ameniuliza kama nimebeba mgonjwa huko nyuma."

Wakaunganisha waya kwenye betri, makanga akachomeka flashi, na muziki ukaanza. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai. Pigo la kwanza tu, nikasikia: kile kipaipu cha mbele kilikuwa kikifuta hewa fuu, fuu, kama mtu anayepuliza jiko la makaa yenye unyevu. Halafu kwenye kona ya kushoto kulikuwa na mluzi mwembamba, wa kuudhi, unaopanda na kushuka na besi.

Baba aliinama, akaweka sikio karibu kabisa na lile sanduku, akafumba macho kama anavyofanya siku zote anapopima kazi yake. Alikaa hivyo kama nusu dakika. Akainuka.

"Hakuna kitu," akasema.

Dere akanitazama. Mimi nikatazama birika.

*

Watu wakisikia Maseno wanafikiria shule ile ya 1906, au chuo kikuu, au kile kibao cha ikweta kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia ambapo kila mgeni lazima apige picha mguu mmoja huku, mwingine kule. Sisi wa hapa tunafikiria mvua. Kisumu jua linaweza kuwa linachoma mabati, ukipanda huku kwenye mawe makubwa unakuta wingu limekusubiri. Kwa fundi wa mbao hilo si jambo dogo. MDF ni unga wa mbao ulioshikanishwa kwa gundi. Ikinywa maji inavimba kama mkate uliosahauliwa ndani ya chai, na haisinyai tena.

Baba alianza kutengeneza masanduku ya spika miaka ya tisini, wakati kila Nissan ya kwenda Kisumu ilitaka kusikika kabla ya kuonekana. Halafu zikaja kanuni za Michuki, mwaka wa 2004. Mistari ya manjano, mikanda, vidhibiti mwendo, na kwa muda matatu zikawa kimya kama gari la kanisa. Baba akahamia vitanda, madawati na majeneza. Jeneza, huwa anasema, ndiyo kazi pekee ambayo mteja harudi kulalamika.

Sasa nganya zimerudi na kelele zake, na Baba akadhani anaweza kurudia kazi ya zamani kwa macho ya zamani. Dere alikuja na picha kwenye simu: nafasi iliyoko nyuma ya kiti cha mwisho cha HiAce yake, na sabwufa ya inchi 12 aliyoinunua mtumba Nairobi. Baba akapima nafasi, akakata bodi, akapigilia misumari, akatoboa tundu la kipaipu cha inchi 2 kilichobaki kwenye kazi ya sinki la jirani. Bei 14,000. Dere alilipa 8,000 mbele, na hizo 8,000 zilikuwa zimeshaliwa, nyingine na hardwea, nyingine na sisi.

"Jumamosi nimekodiwa kubeba watu wa harusi," dere alisema akiondoka. "Mkiweza kuitengeneza kabla ya hapo, sawa. Mkishindwa, mnirudishie pesa yangu, tusikosane."

Baba hakumjibu. Sijui kama alimsikia.

*

Mama ni Mnyore wa upande wa Luanda, Baba ni Mjaluo, na kwa kuwa hakuna aliyekubali kushindwa, sisi tulilelewa kwa Kiswahili. Kwa hiyo naweza kusema hasa ni nini kilichopotea. Irabu bado anazo. Zile sauti nyembamba, s, f, t, k, ndizo zinampita. Mama akisema "nipe kisu", yeye anauliza "kitu gani?" Ukimwambia pasi anasikia kati. Kwa hiyo anakisia, na kwa kuwa ana akili anapatia mara nyingi, na kwa kuwa anapatia mara nyingi hakuna anayethubutu kumwambia.

Kelele haiui sikio lote mara moja. Huanza kula kwenye eneo la mitikisiko kama 4,000 kwa sekunde, yaani hezi 4,000, pale pale ambapo konsonanti zinaishi. Wataalamu wanasema ukikaa kwenye desibeli 85 kwa saa 8 kila siku, umeshafika mpakani. Msumeno wa mviringo unavuka 100 bila kujitahidi. Baba amesimama mbele ya msumeno huo zaidi ya miaka 25, na kinga yake ilikuwa pamba, siku akiikumbuka.

Mama ameacha kumwambia mambo. Siri haipigiwi kelele. Zamani nilikuwa nawasikia usiku wakinong'ona upande wa pili wa ukuta, wakicheka. Siku hizi wanalala mapema.

Lakini chini, kwenye besi, masikio ya Baba ni mazima. Lori likishuka kutoka Luanda anajua. Ngurumo anaijua kabla yetu. Jumatatu ile aliposema "hakuna kitu", hakuwa mkaidi. Besi ilikuwepo na aliisikia. Kikohozi na mluzi ndivyo ambavyo kwake havikuwepo kabisa duniani.

*

Mimi nilikuwa nyumbani tangu Januari. Nilikuwa mwaka wa pili wa fizikia Nairobi kabla karo haijatushinda, na kwa miezi hiyo fizikia yangu yote ilikuwa imetumika kumsaidia Mama kuhesabu chenji ya mandazi. Usiku ule nikatoa daftari.

Sanduku lenye tundu ni chupa ya soda. Ukipuliza juu ya mdomo wa chupa inalia sauti moja tu, na ukiongeza maji ndani, ile sauti inapanda. Hewa iliyoko shingoni ni kama jiwe. Hewa iliyoko tumboni ni kama springi. Jiwe juu ya springi lina mwendo wake wenyewe, ukilisukuma kwa mwendo huo linacheza lenyewe. Mjerumani Helmholtz aliliandika hilo karne ya 19. Albert Thuras wa Bell Labs, Marekani, akapata hataza mwaka wa 1932 ya kutumia jambo hilo kwenye sanduku la spika: badala ya kuitupa ile sauti inayotoka mgongoni mwa spika, unaipitisha kwenye tundu, inatoka imegeuzwa, inaungana na ile ya mbele. Kisha Mwaustralia Neville Thiele, 1961, na baada yake Richard Small miaka ya sabini, wakaifanya kuwa hesabu ambayo mtu yeyote mwenye kalamu anaweza kuipiga. Hata mtu aliyeketi Maseno na stima imepotea.

Hesabu yenyewe haitishi. Chukua 23,562. Zidisha kwa mraba wa kipenyo cha paipu kwa sentimita, na kwa idadi ya paipu. Gawanya kwa lita za hewa ndani ya sanduku, gawanya tena kwa mraba wa hezi unazotaka. Ukipata jibu, toa 0.73 ya kipenyo, kwa sababu hewa iliyoko midomoni mwa paipu nayo inabebwa. Kilichobaki ni urefu wa paipu.

Nikaanza na sanduku la Baba. Kwa nje sentimita 70 kwa 38 kwa 36, bodi ya milimita 18. Ndani inabaki 66.4 kwa 34.4 kwa 32.4, yaani lita 74. Spika yenyewe inakula kama 3. Paipu ya sentimita 5, urefu 15. Nikapata hezi 21. Hakuna wimbo kwenye flashi ya dere uliokuwa unafika huko chini. Ile paipu ilikuwa haisaidii chochote, inakoroma tu, kwa sababu spika ya inchi 12 ilikuwa inasukuma hewa nyingi kupitia tundu lenye upana wa kikombe cha kahawa. Na mluzi ulikuwa wazi: misumari bila gundi.

Basi paipu pana zaidi. Ukiongeza kipenyo maradufu, nafasi ya hewa inakuwa mara nne, kwa hiyo paipu mbili za inchi 4 ni mara nane ya kile kipaipu cha sinki. Lakini hapa ndipo sanduku linapokubana koo. Paipu pana inataka urefu. Na paipu ndefu inakula lita za ndani, na lita zikipungua hesabu yote inahama. Unaanza tena. Nilianza tena mara tano.

Jumanne nikampigia dere.

"Unasikizanga nini hasa?"

"Arbantone, gengetone, dancehall. Na mziki ya wazee asubuhi, walimu wakipanda."

"Nikikuwekea hezi 32 itashuka chini kabisa, lakini paipu zinataka sentimita 69 na sanduku lako ndani halifiki 67. Nikitumia paipu moja inaingia, lakini itakohoa tena ukiongeza sauti. Nikiweka 40, paipu mbili zinaingia vizuri."

Kimya.

"Siste, mimi sijui hezi. Mimi nataka abiria asikie kwa kifua."

Kwa hiyo 40. Nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia: waya mnene kabisa wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, ni hezi 41. Baba ni mtu wa benga. Kwenye benga besi haikai nyuma ikishika tu mdundo. Inatembea, inajibizana na gitaa la mbele, wakati mwingine inalitangulia. Nilitaka sanduku lisimame hapo hapo.

*

Tatizo lilikuwa kumwambia Baba. Huwezi kumwendea mtu aliyekulisha kwa mikono yake ukamwambia sanduku lako ni baya. Nilikwenda na daftari, nikaliweka juu ya meza ya randa, nikasema kwa sauti kubwa, nikimtazama usoni ili aone midomo, "Baba, dere ameongeza amplifaya. Inataka paipu kubwa." Ulikuwa uongo. Ile amplifaya ilikuwa ni ile ile, imeandikwa wati 3,000 kwa rangi ya dhahabu, na sidhani kama nusu yake imewahi kutoka humo.

Alisoma zile namba kwa muda mrefu. Akaweka kidole kwenye 60.

"Hizi lita, umetoa za hiyo misalaba ya ndani?"

"Nimetoa 3 za misalaba, 3 za spika, karibu 8 za paipu."

"Na paipu unapima kwa nje, si kwa ndani."

"Kwa nje. Sentimita 11."

Akaguna. Kisha akafungua lile sanduku la kwanza kwa nyundo, bila huruma. Bodi ya chini ilikuwa imeshavimba, maana matatu ililala na madirisha wazi siku ya mvua. Alipoiona akachekelea kidogo, kama mtu aliyepata shahidi, akatoa bodi mpya.

Nieleze mikono yake, maana hesabu zangu bila hiyo mikono ni karatasi. Alikata vipande sita na vyote vikakutana kama vilizaliwa pamoja. Alipaka gundi kila ukingo, akabana kwa klampu, akafuta ile iliyofurika kwa kidole na kuipaka tena ndani ya kona. Misalaba miwili ndani ili kuta zisitetemeke, kwa sababu ukuta ukitetemeka unaiba sauti. Midomo ya paipu aliizungusha kwa tupa, kisha msasa mbaya, kisha msasa laini, hadi ukipitisha kidole hukuti pembe. Hilo sikumwambia mimi. "Hewa haipendi kona," akasema. Vitabu vinasema hivyo hivyo kwa kurasa kumi.

Ijumaa asubuhi gundi ilikuwa imekauka. Spika ikafungwa kwa skrubu, juu ya ukanda wa sponji. Ilibaki kupima kama kuna mahali panapovuja, na kupima kwake ni kule kule, kuinamisha sikio.

Nilikuwa nimeliwaza hilo usiku kucha. Nikatoa dawa ya mbu, ile ya kujiviringisha, nikaiwasha. Nikaziba midomo ya paipu kwa vitambaa, nikaweka besi polepole, nikasogeza ule moshi kandokando ya kila kiungo. Moshi ulipanda umenyooka, umenyooka, umenyooka, halafu kwenye kona ya nyuma, kulia, ukapepesuka mara moja kwa kila pigo.

"Pale," nikasema.

Baba akatazama moshi. Akanitazama mimi. Alichukua ile dawa ya mbu mkononi mwangu, akairudisha pale pale, akaona tena ukipepesuka. Alikaa kimya. Huko nje lori lilipita.

"Tangu lini?" akauliza.

Ningeweza kujifanya anauliza kuhusu kona.

"Mimi niliona mwaka jana," nikasema. "Mama nadhani zamani."

"Mama yako amesema?"

"Hajasema."

Aliitikia kwa kichwa. Akaenda kuchukua gundi, akaziba ile kona, na kwa muda wote hakuinua macho. Mimi nilisimama nikishika mche wa moshi kama mtu aliyekuja kanisani na mshumaa bila kujua ni ibada gani.

*

Paipu nilizikata sentimita 45, tatu zaidi ya hesabu. Paipu ndefu unaweza kuikata, fupi hairefuki. Jioni tulililaza sanduku chali, spika ikitazama mabati, nikamwaga maranda laini juu ya spika. Kwenye simu nina programu inayotoa sauti moja tu, kwa hezi unazotaka. Nikaanza 60.

Maranda yakacheza. Nikashuka, 55, 50, yakaendelea kucheza lakini kwa uvivu. 45. 42. Pale 39 yakatulia. Spika ya inchi 12, amplifaya imefunguliwa, karakana nzima inanguruma, misumari inalia ndani ya makopo, na yale maranda yamekaa kimya juu ya spika kama vumbi juu ya kabati. Huo ndio wakati ambapo hewa ya ndani ya paipu ndiyo inafanya kazi yote na spika karibu imesimama. Nilikuwa nimelisoma hilo darasani. Sikuwahi kuliona.

Baba aliweka kiganja mbele ya paipu na kukitoa haraka, kama aliyeguswa na mnyama. Akakirudisha. Akacheka.

Nikashuka hadi 33 na maranda yakaruka hewani, spika ikaanza kugonga, nikazima haraka. Chini ya pale paipu ilipowekwa, hakuna tena kinachoishikilia, inaweza kujirarua. Nikachukua msumeno wa mkono kukata zile sentimita tatu, nifike 40 yangu.

Baba akanishika mkono.

"Wacha, nyara. Yule kijana alitaka chini. Muachie hiyo moja."

Kisha akatoa mfukoni flashi yake, ile iliyofungwa kwa kamba ya kiatu, na akaweka Misiani. Daniel Owino Misiani alikufa 2006 kwa ajali ya barabarani hapo Kisumu, na hadi leo Baba humtaja kama mtu aliyetoka kidogo. Nilizoea kusikia zile kanda kwenye redio ndogo ya jikoni, ambapo besi ni kama mtu anayebisha hodi nyumba ya pili. Sasa ilikuwa chumbani. Baba alilala nusu juu ya sanduku, kifua kwenye mbao, mashavu kwenye mbao. Mama alikuja kutoka jikoni na unga mikononi kulalamika juu ya kelele, akasimama mlangoni, hakulalamika. Baba alimwona. Akagonga ile bodi mara mbili kwa kiganja, pembeni yake, kama unavyomwonyesha mtu kiti.

Sitasema walicheza. Mama alikuja akaweka mkono pale, akauacha kwa muda wa wimbo mzima, na unga ukabaki kwenye rangi nyeusi. Ilibidi nipake tena.

*

Jumamosi dere alilichukua. Alifungua sauti mbele ya karakana hadi kioo cha duka la simu likaanza kulalamika. Hakukuwa na kikohozi. Makanga alipiga kelele, akaruka, akagonga bodi ya gari.

Nikamwambia dere asikae nalo hivyo siku nzima, ana watoto wa shule wanaokalia kile kiti cha nyuma, masikio hayauzwi Kibuye. Nikamtajia na kanuni za kelele za NEMA, za 2009. Akaniambia, "Sawa, mwalimu." Nilijua maana yake. Nilitengeneza kitu kizuri, na najua kila asubuhi mtu fulani ameketi sentimita 20 kutoka kwenye kitu hicho kizuri. Mitikisiko ya chini haili sikio haraka kama msumeno, lakini dere hafungui besi peke yake.

Baba hajakubali kwenda kupimwa. Nilimnunulia vizibo vya masikio, vile vikubwa vya kuvaa kama hedifoni, shilingi 1,200. Vilining'inia msumarini wiki mbili. Juzi nilimkuta amevivaa, lakini alikuwa anapiga msasa, kazi isiyo na kelele yoyote. Labda anavizoea. Labda anaficha kitu kingine. Kwenye msumeno bado hajavivaa nikiwepo.

Kwa masanduku ameweka utaratibu mpya: hapokei kazi bila mimi kuandika namba, na dawa ya mbu ipo kwenye rafu ya gundi. Tumeshapata mengine matatu. Mama amejifunza kumgusa bega kwanza kabla ya kusema.

Ile HiAce ikipanda kutoka Kisumu jioni, Baba huwa ameweka kiganja kwenye meza ya randa.

"Anakuja," anasema.

Sote tunatoka nje. Bado tunamdai 2,000.